Muulize Fundi: Nani anabisha hodi poti 22, na funguo za seva anazo nani

Barua za miezi miwili hii zimerundikana juu ya jambo moja. Watu wanataka seva zao wenyewe, yaani kompyuta za kutunza mafaili zinazowaka muda wote, nyumbani, wapate pa kuweka picha na nyaraka zao bila kumkabidhi mtu baki. Nalifurahia sana hilo. Yangu iko juu ya kabati la vyombo hapa Tanga, kompyuta ndogo ya mtumba, ThinkCentre, niliyoinunua Kariakoo, na ndani yake mna maisha ya watu sita wa nyumba hii. Kwa hiyo nayajibu maswali haya kwa uzito uleule ninaouweka kwangu. Majina nimeyaondoa, kama kawaida.

SWALI: Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nakaa kwa kaka yangu Dodoma. Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, nimeiunganisha na ruta ya fiba, nikafungua poti 22, yaani mlango wa mtandao, ili niingie kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta kwa mbali, nikiwa chuoni. Juzi nimetazama kumbukumbu za mfumo nikaogopa. Kila baada ya sekunde chache kuna mtu anajaribu kuingia: root, admin, pi, postgres, test. Nani ananifuatilia? Rafiki yangu anasema nikihamia poti 2222 yataisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuna anayekufuatilia, hata jina lako hawalijui. Anwani zote za IPv4, zile namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, ni kama bilioni 4.3 duniani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, na kwa programu hiyo kompyuta moja yenye intaneti ya gigabiti inabisha hodi kwenye anwani zote hizo, poti moja, kwa muda usiofika saa nzima. Sasa piga hesabu ni mashine ngapi zinafanya kazi hiyo usiku na mchana. Nyumba yako imo tu kwenye mtaa wanaoupita.

Hata hivyo hebu tuisome pamoja mistari uliyonitumia. "Invalid user admin" ni ya kila siku. "Failed password for root" nayo ni hivyohivyo. Ile yenye "pi" ndiyo nataka uitazame vizuri. Kwa miaka mingi mfumo wa Raspberry Pi ulikuja na mtumiaji huyo tayari, nywila yake raspberry, mpaka Aprili 2022 watengenezaji walipomwondoa. Wanaobisha wanajua kwamba wako watu waliochomeka kadi zao za memori za zamani na hawajagusa kitu mpaka leo. Kama kadi yako iliandaliwa kabla ya hapo, anza na hilo kabla hujala chakula cha jioni.

Kisha tafuta neno moja tu, Accepted. Andika journalctl -u ssh | grep Accepted, usome kila mstari unaokuja. Waliokataliwa elfu kumi hawaninyimi usingizi. Aliyekubaliwa mmoja usiyemtambua, saa nane za usiku, huyo ndiye wa kuogopa. Ukimkuta usijaribu kusafisha, maana hujui ameficha nini na wapi. Chomoa waya wa mtandao, okoa mafaili yako, picha na maandishi tu bila programu yoyote, futa kadi, weka mfumo upya, na ubadilishe kila nywila iliyowahi kupita kwenye mashine hiyo.

Poti 2222 itapunguza kelele kwenye kumbukumbu zako, basi. Kitasa kikiwa dhaifu, kuhamishia mlango upande wa pili wa nyumba hakukisaidii.

Kazi yenyewe iko hapa. Kwenye laptopu yako tengeneza jozi ya funguo za kuingilia badala ya nywila kwa ssh-keygen -t ed25519, na ule ufunguo wa siri uupe nywila yake. Ule wa wazi upeleke kwenye Pi kwa ssh-copy-id. Fungua dirisha la pili uingie kwa ufunguo huo, na lile la kwanza usilifunge mpaka uone umekubaliwa. Ndipo uende kwenye /etc/ssh/sshd_config uweke PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no, yaani nywila zisikubaliwe, na root, msimamizi mkuu, asiingie moja kwa moja. Chungulia pia folda ya sshd_config.d iliyo jirani yake, kwa sababu faili lililomo humo husomwa kwanza na ndilo linalotawala. Pima kwa sudo sshd -t, kisha iwashe upya huduma.

Ukimaliza hayo, ifunge poti 22 kwenye ruta. Ndiyo, ifunge kabisa, na njia ya kuingilia kutoka nje iwe WireGuard peke yake, ambayo ni VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Tangu Machi 2020 WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux, kuanzia toleo 5.6, na inahitaji poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820. Ninachoipendea ni ukimya wake. SSH ukiibishia hodi inaitika na kukutajia hadi toleo lake. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, haimwambii hata kwamba imemkataa, hivyo mpita njia hajui kama pana mlango. Wewe ukishaingia, kila kilicho kwenye seva unakifikia kama umekaa sebuleni kwa kaka.

Wapo watakaosoma jibu hili, wafungue poti, na kisitokee kitu. Tazameni kwenye ruta anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti unayoifungua kwako haifiki kokote. Hapo huduma iitwayo Tailscale hufanya kazi, nayo imejengwa juu ya WireGuard, ila jua kwamba orodha ya vifaa vyako inakaa kwa kampuni yao. Asiyeridhika na hilo anaweza kuendesha mwenyewe Headscale, mbadala wa sehemu hiyo ya kampuni, kwenye seva ndogo ya kukodi. Na kwa mlioko Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zake kwao. Njia ya kurudi kwenye mashine yako nayo ni VPN. Itolee taarifa.

SWALI: Habari dada. Niko Mombasa, Kisauni. Kwenye seva yangu nimefunga kila kitu kwa ufw, programu ya kuzuia wanaoingia kwa mtandao, isipokuwa SSH. Jana binamu yangu alikuja, akaunganisha simu kwa Wi-Fi ya nyumbani, akafungua ukurasa wa kusimamia database yangu bila shida yoyote. ufw yasema iko active. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, kaka. Ufw yako haina kosa, ila Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya visanduku viitwavyo kontena, imeipitia pembeni. Unapoandika 8080:80 kwenye faili la kontena, Docker inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na pakiti zinaelekezwa kwenye kontena bila kupita kwenye kanuni za ufw. Andika 127.0.0.1:8080:80 ili ukurasa huo uitike kwa mashine yenyewe tu, na mbele yake uweke programu ya lango kama Caddy au Nginx ya kuamua nani apite. Database usiitolee poti kabisa, kontena zenzake zinaifikia kwa mtandao wa ndani wa Docker. Halafu mwite binamu ajaribu tena kwa simu ileile, na ukitoka hapo mtengenezee Wi-Fi ya wageni, ruta nyingi siku hizi zinayo. Ukiwa kwenye ruta zima pia UPnP, kwa sababu hiyo huruhusu kifaa chochote cha ndani, hata televisheni, kujifungulia poti bila kukuuliza.

SWALI: Hujambo mwanangu Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Nina picha na video za familia za karibu miaka ishirini. Wanangu mmoja yuko Mwanza, mwingine Birmingham. Akaunti yangu ya Google imejaa na kila siku inanidai nilipie. Kijana mmoja hapa jirani anasema ninunue seva niweke nyumbani, nitakuwa nimemaliza matatizo yote. Umeme nao utapanda kiasi gani? Nakuomba uniambie ukweli.

JIBU: Sijambo, Mwalimu, shikamoo. Akaunti yako imejaa kwa sababu Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo mpaka 1 Juni 2021, na kuanzia siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure. Umeme usikutishe. Kompyuta ndogo kama yangu, ikiwa imetulia, inakula kama wati 10, ambazo kwa siku 30 ni uniti 7.2 za LUKU. Na programu ya picha ninayoitumia, Immich, inapokea picha kutoka kwenye simu yenyewe na kuzipanga kwa tarehe na kwa sura za watu. Utaipenda.

Hilo la kumaliza matatizo yote ndilo nisilolikubali, na ili unielewe lazima nikusimulie yangu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga tangu ujana wake. Mwaka wake wa mwisho nilikaa naye barazani jioni nikamrekodi, rekodi 31. Niliziweka kwenye seva, na kila usiku programu ndogo niliyoiandika mwenyewe ilinakili kila kitu kwenda kwenye diski ya nje iliyochomekwa pembeni. Asubuhi ilinitumia ujumbe wa neno moja, "imekamilika". Nilikuwa naamka na ujumbe huo kama watu wanavyoamka na chai.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Seva iliwaka yenyewe, diski ya nje haikujiunganisha. Folda yake, /mnt/akiba, ilibaki pale tupu, na folda tupu kama hiyo inakaa kwenye diski kuu. Programu yangu haikujua tofauti. Kila usiku ilinakili kutoka diski kuu kwenda diski kuu, na kila asubuhi ikaniambia imekamilika. Miezi mitano. Diski kuu ilipokufa, ilikufa na vyote viwili. Ile diski ya nje niliikuta na mafaili ya zamani, ya kabla ya baba hajaanza kusimulia. Nimebaki na rekodi 4, nilizokuwa nimemtumia shangazi kwa WhatsApp. Ile aliyokuwa akihesabu mafungu ya mkonge kama walivyohesabu mbele ya mnyapara, akikohoa katikati, haimo.

Leo mstari wa kwanza wa programu yangu unasema mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1, maana yake kama diski haipo, simama. Lakini hata huo siuamini peke yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nachukua faili moja kutoka kwenye nakala, nalifungua kwenye mashine nyingine, naangalia kwa macho yangu. Nakala ambayo hujawahi kurudisha kitu kutoka humo usiihesabu.

Kwa hiyo, Mwalimu, hesabu zako ziwe hivi. Nakala tatu kwa jumla. Moja kwenye seva, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu nje ya Moshi kabisa, kwa mwanao wa Mwanza, ili moto au mwizi asichukue vyote kwa siku moja. Ile ya Mwanza itengenezwe kwa programu ya restic, ambayo inasimba, yaani inafungia kwa siri, kila kitu kabla hakijatoka nyumbani kwako. Mwizi akiichukua diski hiyo hataona picha hata moja. Nywila ya restic iandikwe kwenye karatasi, na karatasi ikae kwenye bahasha moja na hati zako za nyumba, kwa sababu ikipotea hakuna duniani wa kukufungulia. Diski za seva yenyewe nazo zisimbwe kwa LUKS, usimbaji wa diski nzima wa Linux, tangu siku ya kuweka mfumo, baadaye ni kazi kubwa. Usiweke kitu cha thamani kwenye kadi ya memori, tumia SSD. Nunua na UPS ndogo, betri ya kushika umeme ukikatika, uiunganishe kwa waya wa USB na programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime kwa utaratibu badala ya kuanguka.

Faida zipo, nisikukatishe tamaa. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, mama yangu mdogo alikaa na wajukuu hapa sebuleni wakitazama picha za harusi za mwaka 1987. Picha zilitoka kwenye kabati la vyombo, hazikuhitaji kuvuka bahari.

Sasa ukweli ulioniomba. Yule kijana jirani atakuwepo? Seva inataka mtu wa kuisasisha. Ukiwasha unattended-upgrades kwenye mfumo wa Debian, masasisho ya usalama yanajiweka yenyewe, lakini Immich na nyinginezo zinataka mkono wa mtu. Kama kijana anarudi chuoni mwezi ujao na hakuna mwingine, nakushauri ulipie hifadhi ya Google, ununue diski ya nje moja ya kuwekea nakala, ulale usingizi. Seva utaifikiria mwanao mmoja akiwa tayari kujifunza. Mwambie aniandikie.

SWALI: Fundi, nina zahanati ndogo Morogoro. Nyumbani nina NAS, kisanduku cha diski kinachotumika kwa mtandao, ya filamu za watoto, ina nafasi kubwa. Nataka niweke humo faili za wagonjwa, niifungue mtandaoni ili daktari wangu azione akiwa popote. Nipe hatua.

JIBU: Sitakupa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni katika zile inazozilinda kwa ukali zaidi. Hata bila sheria, mgonjwa alikueleza wewe ugonjwa wake, hakukueleza mashine inayogusana na simu za watoto na za wageni wako. Januari 2022 genge la Deadbolt liliwapata wenye NAS za kampuni ya QNAP waliokuwa wamefungua ukurasa wa usimamizi mtandaoni ili wauone popote walipo, kama unavyotaka wewe. Waliamka wakakuta mafaili yamesimbwa, na kwenye ukurasa wa kuingilia dai la bitcoin 0.03. Tafuta mfumo wa zahanati wenye mkataba na mtu wa kuwajibika, jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na NAS ibaki na filamu.

SWALI: Dada Fundi, naomba usitaje niliko. Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Mwaka jana aliweka seva nyumbani, akasema ni kwa faragha yetu, tuachane na kampuni za nje. Picha zangu ziko humo, kalenda, nywila, na ameweka kitu kinachozuia matangazo. Wiki iliyopita aliniuliza, kwa upole tu, kwa nini nilikuwa naangalia tovuti ya kliniki fulani. Sikuwa nimemwambia mtu. Amejuaje? Na nikimwambia sitaki, nitaonekana nina la kuficha?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kinachozuia matangazo kwa kawaida ni Pi-hole. Kila simu ya nyumbani inapotaka kufungua tovuti huiuliza kwanza jina hilo liko wapi, na isipozuiwa inaandika: saa, kifaa, jina la tovuti. Haioni ulichosoma ndani, lakini jina la kliniki linatosha kusema mengi. Huenda hakukutafuta, huenda aliona tu orodha ikipita. Bado, kitu chako kimesomwa bila ridhaa yako, na kutaka kisisomwe si kuficha. Mlango wa bafu tunaufunga katika nyumba za watu wanaopendana.

Pi-hole ina ngazi za faragha kuanzia 0 hadi 3. Ngazi 0 inaonyesha kila kitu, ngazi 3 haiandiki nani alifungua nini, na matangazo yanazuiwa vilevile. Mwombe aiweke 3 mbele yako, na afute kumbukumbu za nyuma. Hapunguziwi kitu cha kazi. Kwangu niliibadili baada ya binti yangu kuniuliza, "Mama, unaona ninachofungua?" Sikuwa nikiangalia, lakini sikuweza kumjibu hapana.

Ya pili ni nywila. Kama zimo kwenye Vaultwarden, programu ya kutunza nywila, tulia kidogo: sanduku la kila mtu linasimbwa kwenye kifaa chake kwa nywila yake kuu, na msimamizi wa seva anaona vurugu tupu. Lakini ni nani aliyekutengenezea akaunti? Kama nywila kuu aliichagua yeye, ibadilishe leo, peke yako. Picha ni jambo jingine. Kwenye Immich mwenye mashine anaweza kufungua folda na kuziona zote, kwa hiyo usichotaka kionekane kisiende huko. Ya hospitali yasome kwa bando lako la simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Nimekuandikia nikiamini upole uliousema. Kama si hivyo, kama swali lile lilikutia hofu mwilini, usimwambie lolote kuhusu ngazi wala kumbukumbu, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ataona. Tumia simu ya mtu unayemwamini, iliyo nje ya nyumba hiyo, kuzungumza na ndugu au mtu wa ustawi wa jamii.

Na kama ni mtu wa kuzungumza naye, kaeni mezani na umwombe kitu kimoja zaidi, bahasha. Ndani mwake ziwemo nywila ya msimamizi, ya LUKS na ya nakala, na maelezo ya ukurasa mmoja ambayo wewe utaweza kuyafuata. Apatwe na jambo kesho, picha za watoto wako zimo kwenye mashine ambayo wewe huwezi kuiwasha. Mwambie akuonyeshe, ukiwa umekaa wewe kwenye kiti na yeye amesimama pembeni, jinsi ya kuizima, kuiwasha, kuandika nywila ya diski na kutoa picha moja kutoka kwenye nakala. Bahasha yangu anayo mama yangu mdogo, Chumbageni, na kila mwaka baada ya Ramadhani tunaifungua na kujaribu kila kilichomo.